Muda, Kipato na Kuridhika na Maisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanamlenga msomaji anayejiuliza kama aongeze kazi ili apate zaidi, au apunguze kazi ili apate nafasi ya kupumua. Tafiti kuhusu jambo hili ni nyingi, na baadhi zinapingana. Zinapopingana tumesema hivyo, na tulipotoa maoni yetu tumeyaita maoni.

Kuridhika na maisha hupimwa namna gani?

Hupimwa kwa kumwuliza mtu mwenyewe. Njia iliyoenea zaidi ni ngazi ya Hadley Cantril, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeieleza mwaka 1965. Mhojiwa huambiwa afikirie ngazi yenye vipandio kuanzia 0 chini hadi 10 juu, cha juu kabisa kikiwa ndiyo maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata na cha chini kabisa yakiwa mabaya kuliko yote, kisha aseme anajiona amesimama kwenye kipandio gani. Swali hilo ndilo shirika la Gallup huwauliza watu katika nchi nyingi duniani, na ndilo linalotumika kuzipanga nchi katika Ripoti ya Furaha Duniani, iliyoanza kutolewa mwaka 2012. Njia nyingine ni kipimo cha Ed Diener na wenzake cha mwaka 1985, chenye sentensi 5 ambazo mtu hueleza anavyokubaliana nazo kwa alama za 1 hadi 7.

Hapo pana mambo mawili ya kutenganisha. La kwanza ni tathmini, yaani hukumu anayoitoa mtu anapoyatazama maisha yake kwa ujumla. La pili ni hisia za siku: alicheka au hakucheka jana, alikuwa na wasiwasi, alikasirika, alichoka. Mzazi anayelea mtoto mchanga anaweza kuwa hajalala usiku tatu mfululizo, amechoka na hana subira, na bado akasema bila kusita kwamba yuko kwenye kipandio cha 8. Sehemu kubwa ya ubishi kuhusu fedha na furaha hutokana na kuvichanganya vipimo hivi viwili, na msomaji akiishika tofauti hiyo tangu sasa, majibu mengi yatakayofuata yatamwia mepesi.

Je, mwenye kipato kikubwa huridhika zaidi na maisha?

Kwa wastani, ndiyo. Ndani ya nchi moja, wenye kipato cha juu hujiweka kwenye vipandio vya juu kuliko wenye kipato cha chini, na matokeo hayo yamejirudia mara nyingi kiasi kwamba ni vigumu kuyabisha. Jambo la kuangalia ni umbo la uhusiano huo. Kinachohesabika ni asilimia ya nyongeza kuliko kiasi chenyewe: kipato kikiongezeka maradufu, alama ya kuridhika hupanda kwa kiasi kinachokaribiana, awe mtu alianza na kidogo au na kingi. Kwa hiyo kiasi kilekile cha fedha kinachomwinua waziwazi mwenye kipato cha chini huenda kisionekane kabisa kwa yule anayepata mara kumi yake.

Sababu si ngumu kuielewa. Fedha za kwanza anazopata mtu hufanya kazi ya kuondoa maumivu: deni linaloandamana na simu za vitisho, maradhi yanayoahirishwa kutibiwa, kodi ya nyumba ambayo haijulikani itatoka wapi. Waliosema kwamba fedha ni sabuni ya roho walilijua hilo. Fedha za baadaye hununua vitu vizuri, ambavyo mtu huvizoea upesi. Isitoshe, mtu hupima kipato chake kwa kukilinganisha na cha walio karibu naye. Erzo Luttmer alionyesha mwaka 2005, kwa kutumia takwimu za Marekani, kwamba watu wawili wenye kipato sawa hawaridhiki sawa ikiwa majirani wa mmoja wanapata zaidi, kwani huyo mwenye majirani matajiri huelekea kuwa na furaha ndogo.

Nimesikia kwamba baada ya dola 75,000 kwa mwaka fedha haiongezi furaha. Ni kweli?

Si kweli kwa namna inavyosimuliwa. Takwimu hiyo ilitoka kwa Daniel Kahneman na Angus Deaton, ambao mwaka 2010 walichambua majibu zaidi ya 450,000 ya wakazi wa Marekani. Walikuta kwamba hisia njema za siku zilipanda pamoja na kipato hadi karibu dola 75,000 za kaya kwa mwaka, kisha zikaacha kupanda. Hata hivyo, katika uchambuzi huohuo tathmini ya maisha kwa ujumla iliendelea kupanda bila kikomo kilichoonekana. Nusu hiyo ya pili ndiyo iliyosahauliwa na wasimulizi wengi.

Mwaka 2021 Matthew Killingsworth alitumia programu ya simu iliyowauliza watu wanajisikiaje wakati huohuo, katika nyakati zisizotabirika za siku. Alikusanya ripoti zaidi ya milioni 1.7 kutoka kwa wafanyakazi 33,391 wa Marekani, na hakuona kikomo chochote. Badala ya kurushiana maneno, yeye na Kahneman waliamua kukaa meza moja wakiwa na mwanasaikolojia Barbara Mellers kama msuluhishi, na mwaka 2023 walitoa jibu la pamoja. Kwa watu wengi furaha huendelea kupanda na kipato. Kwa kundi dogo lenye huzuni zaidi, takriban asilimia 15 hadi 20, hupanda mpaka karibu dola 100,000 kisha hukwama. Maswali ya mwaka 2010 yalikuwa ya ndiyo au hapana, na watu wengi walijibu ndiyo kwenye mambo mema, kwa hiyo yalipima vizuri kupungua kwa huzuni lakini hayakuweza kutofautisha furaha ya kawaida na furaha kubwa.

Tafsiri yetu ni kwamba fedha hupunguza taabu zinazotokana na kukosa fedha. Mtu aliyefiwa, aliyevunjikiwa ndoa au mwenye sonona atapata nafuu kutoka kwenye fedha hadi pale taabu za mahitaji zinapokwisha, na baada ya hapo kinachobaki ni kile ambacho fedha haikigusi.

Mbona nchi zinatajirika lakini watu hawaonekani kuridhika kwa kasi hiyohiyo?

Hoja hiyo ilitolewa mwaka 1974 na mwanauchumi Richard Easterlin: katika wakati mmoja matajiri huwa na furaha kuliko maskini, lakini nchi nzima ikitajirika kwa miaka mingi, wastani wa furaha haupandi ipasavyo. Mwaka 2008 Betsey Stevenson na Justin Wolfers waliipinga kwa takwimu nyingi zaidi, wakaonyesha kwamba nchi tajiri huridhika zaidi na kwamba hakuna kiwango ambacho utajiri huacha kusaidia. Ubishi juu ya mwenendo wa muda mrefu haujazimika. Kwa mtu mmoja anayepanga maisha yake, ubishi huo una uzito mdogo kuliko unavyopewa.

Labda watu wenye furaha ndio wanaopata fedha zaidi, wala si fedha inayoleta furaha?

Inawezekana yote mawili yakawa kweli, na ndiyo maana watafiti huwatafuta watu waliopata fedha bila juhudi yao. Utafiti maarufu wa mwaka 1978 wa Philip Brickman na wenzake uliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois na watu wa kawaida, na hadi leo hutajwa kama ushahidi kwamba ushindi hauongezi furaha. Watu 22 ni wachache mno kubeba mzigo wa dai zito kama hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, Erik Lindqvist, Robert Östling na David Cesarini waliwafuatilia washindi wengi wa bahati nasibu nchini Uswidi, miaka 5 hadi 22 baada ya ushindi. Walikuta kwamba waliopata fedha nyingi waliridhika zaidi na maisha, na athari hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi, ingawa athari kwa furaha ya kila siku ilikuwa ndogo. Ni ile tofauti ya tathmini na hisia tena.

Muda wa mapumziko ni upi hasa?

Ni saa zinazobaki baada ya kuondoa kazi ya kipato, safari ya kwenda na kurudi kazini, usingizi, usafi wa mwili, kazi za nyumbani na malezi, na ambazo mtu anaweza kuamua mwenyewe azitumieje. Sharti la mwisho ndilo lenye uzito. Aliyekaa sebuleni jioni huku simu iko mkononi, akisubiri mwajiri apige wakati wowote, hajapumzika, hata kama hakuna aliyempigia. Vivyo hivyo kwa mwenye dakika kumi hapa na robo saa pale, kwani zikijumlishwa zinaweza kufika saa mbili, lakini hakuna jambo la maana linaloweza kukaa ndani ya vipande hivyo.

Mwanauchumi Clair Vickery alipendekeza mwaka 1977 kwamba umaskini upimwe kwa fedha na kwa muda pamoja, kwa sababu kaya inaweza kuvuka mstari wa umaskini wa fedha na bado ikawa haina saa za kutosha za kupika, kufua na kulea. Pendekezo hilo halijatumiwa kwa kadiri linavyostahili. Mzazi anayelea peke yake huku akifanya kazi mbili huhesabiwa katika takwimu nyingi kuwa ametoka kwenye umaskini, ilhali alichofanya ni kuubadilisha umaskini wa fedha kuwa umaskini wa muda.

Saa ngapi za mapumziko kwa siku zinatosha?

Jibu lililo karibu zaidi na takwimu limetolewa mwaka 2021 na Marissa Sharif, Cassie Mogilner na Hal Hershfield. Walichambua takwimu za matumizi ya muda za maelfu ya Wamarekani, wakakuta kwamba hali ya mtu huimarika kadiri muda wa mapumziko unavyoongezeka hadi kufika karibu saa 2 kwa siku, kisha hutulia, na baada ya kupita saa 5 huanza kushuka. Katika majaribio waliwaomba washiriki wafikirie kila siku wana dakika 15, saa 3 na nusu au saa 7 za mapumziko. Wenye dakika 15 walitaja msongo. Wenye saa 7 walitaja kuona kwamba hawafanyi lolote la maana, lakini kushuka huko kulipungua walipofikiria kwamba saa hizo wanazitumia kwa jambo lenye tija au pamoja na wengine.

Saa 2 na saa 5 zisichukuliwe kama dawa yenye kipimo. Zinatoka katika nchi moja, na anayefikiria kuwa na saa 7 si sawa na aliyezoea kuwa nazo. Zinachoonyesha ni umbo la uhusiano: hasara ya kukosa muda kabisa ni kubwa na ya hakika, faida ya kuongeza muda hupungua, na mwisho kuna upande wa pili ambao wengi hawautarajii.

Kama muda ni mzuri, kwa nini wasio na kazi hawaridhiki?

Hapa ndipo panapofundisha zaidi kuliko kwingine kokote katika somo hili, kwa sababu asiye na kazi ana saa nyingi kuliko mtu yeyote.

Ushahidi wa zamani na wa kina ni wa Marienthal, kijiji cha Austria kilichotegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, karibu kijiji kizima kilikosa ajira. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda huko na wenzao kuchunguza, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1933. Mtu angedhani kwamba maktaba ya wafanyakazi ingejaa wasomaji, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa na nafasi. Kati ya mwaka 1929 na 1931 vitabu vilivyoazimwa vilipungua kwa karibu nusu, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imefutwa. Watafiti walijibanza dirishani wakiwa na saa mkononi, wakawatazama watu wakipita njia kuu ya kijiji: wanaume walitembea polepole kuliko wanawake na kusimamasimama njiani, kama watu wasio na mahali pa kuwahi. Wanaume walipoombwa waandike wameitumiaje siku, waliweza kutaja kuamka, kula na kulala, na kati ya hapo hawakuwa na mengi ya kuandika. Wanawake hawakuwa katika hali hiyo, kwani kufua, kupika na kushona viraka viliendelea kuipanga siku yao, sasa kwa fedha kidogo zaidi.

Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2010 na Andreas Knabe na wenzake uliongeza jambo lisilotarajiwa. Wasio na ajira hawakuridhika na maisha yao kama walioajiriwa, na walipofanya shughuli zilezile kama wengine walikuwa na huzuni zaidi. Lakini siku nzima ilipojumlishwa, wastani wa hisia zao haukuwa mbaya kuliko wa walioajiriwa, kwa sababu saa ambazo wenzao walikuwa kazini wao walizitumia kwa mambo yanayopendeza zaidi. Siku inapita vizuri, maisha yanahukumiwa vibaya. Anayesema "kazi ni utumwa" na anayesema "kazi ni utu" kila mmoja ameshika kipimo kimoja.

Kuna utafiti mwingine, wa Cristobal Young na Chaeyoon Lim wa mwaka 2014, uliotumia majibu ya Wamarekani zaidi ya 500,000. Ulikuta kwamba hisia za watu huchangamka mwishoni mwa juma, jambo ambalo halishangazi, na kwamba wasio na ajira nao huchangamka mwishoni mwa juma kwa kiasi kinachokaribia cha wafanyakazi. Kwao Jumanne na Jumamosi zina saa sawa za mapumziko. Kilichobadilika ni kwamba Jumamosi marafiki na jamaa nao wana nafasi. Sehemu kubwa ya thamani ya muda, basi, hutegemea watu wengine wako huru wakati gani. Mwajiri anayempa mfanyakazi mapumziko ya Jumatatu na Jumanne badala ya mwisho wa juma humpa idadi ileile ya saa, lakini si kitu kilekile.

Je, ni busara kutumia fedha kujinunulia muda?

Mara nyingi ndiyo, kwa mwenye uwezo. Ashley Whillans, Elizabeth Dunn na wenzao walichapisha mwaka 2017 utafiti wa watu zaidi ya 6,000 katika Marekani, Kanada, Denmark na Uholanzi, ambao ulionyesha kwamba wanaolipa wengine wawafanyie kazi wasizozipenda huridhika zaidi na maisha, hata baada ya kuzingatia kipato chao. Walifanya pia jaribio mjini Vancouver: watu wazima 60 wenye kazi walipewa dola 40 kwa wikiendi mbili, wikiendi moja wazitumie kwa kitu na nyingine kwa jambo la kuwaokolea muda. Siku waliyonunua muda walijisikia vizuri zaidi. Watu wengine 98 walipoulizwa wangefanya nini na dola 40 za ghafla, ni asilimia 2 tu waliotaja kujinunulia muda.

Kwa nini watu hawafanyi hivyo? Wengine huona aibu kumlipa mtu kwa kazi ambayo wanaweza kuifanya wenyewe, na wengine hawaamini kwamba saa waliyoiokoa itatumika vizuri, na pengine wana haki, kwa kuwa saa iliyookolewa kisha ikarudishwa kwenye kazi ya ofisi haikuokolewa. Tuongeze neno ambalo utafiti huo haukulenga kulijibu: muda anaoununua mmoja ni muda ambao mwingine ameuuza, na kama muuzaji huyo analipwa kidogo kiasi cha kulazimika kuuza saa zake zote, kuridhika kumehamishwa tu kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Nimepewa kazi yenye mshahara mkubwa lakini iko mbali na saa ni nyingi. Nichukue?

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama mshahara wa sasa unakutosha. Ikiwa kila mwezi unakopa ili ufike mwisho, au bili moja ya hospitali inaweza kukuangusha, nyongeza hiyo itakuondolea taabu halisi, na ushauri wa kuchagua muda haukuhusu kwa sasa. Wanaoutoa ushauri huo kwa kila mtu, bila kuuliza, mara nyingi ni watu ambao mahitaji yao yamekwisha kutimia.

Ikiwa unakutosha, piga hesabu ukijumuisha na safari. Tuseme sasa unafanya kazi saa 8, unasafiri saa 1 kwenda na saa 1 kurudi: kazi inakuchukulia saa 10 za siku. Kazi mpya inalipa asilimia 20 zaidi, saa za kazi ni zilezile 8, lakini safari ni saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, jumla saa 12. Ukiugawa mshahara kwa saa zote unazozitoa, utakuta kila saa inalipwa kiasi kilekile cha awali. Nyongeza yote imeliwa na barabara, na hapo nauli haijahesabiwa. Kama jioni ulikuwa na saa 3 zako, sasa una saa 1, na umeshuka chini ya kile kiwango cha saa 2 ambapo kila dakika inayopotea huuma zaidi.

Kinadharia, anayekubali safari ndefu anafidiwa kwa mshahara mnono au kwa nyumba nzuri ya bei nafuu. Alois Stutzer na Bruno Frey walilichunguza hilo kwa takwimu za Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wakakuta kwamba fidia hiyo haitoshi: wenye safari ndefu huridhika kidogo na maisha. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba mshahara mpya huzoeleka baada ya miezi michache, lakini foleni haizoeleki, kwa sababu kila siku ina usumbufu wake mpya.

Angalia pia kama saa za kazi zinatabirika. Ratiba inayobadilishwa usiku wa kuamkia siku ya kazi huharibu hata saa ambazo hukuitwa, kwa kuwa huwezi kumwahidi mtu chochote.

Wanaochagua muda huwa na furaha kuliko wanaochagua fedha?

Hershfield, Mogilner na Uri Barnea waliwauliza Wamarekani zaidi ya 4,000 wangependa kuongezewa kipi, na asilimia 64 walichagua fedha. Waliochagua muda waliripoti furaha zaidi, hata baada ya watafiti kuzingatia kipato walichonacho na muda walionao. Matokeo hayo ya mwaka 2016 yanaonyesha uwiano, na hayathibitishi kwamba mtu akibadilisha jibu lake atafurahi.

Kwa nini takwimu za muda hutofautiana sana kati ya wanawake na wanaume?

Kwa sababu kazi zisizolipwa hazigawanywi sawa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi na za nyumbani zisizolipwa duniani: kwa wastani saa 4 na dakika 25 kwa siku, dhidi ya saa 1 na dakika 23 za wanaume. Tofauti ni zaidi ya saa 3 kila siku, ambazo peke yake zinazidi zile saa 2 zilizotajwa juu. Utafiti wowote unaolinganisha kipato na kuridhika bila kuuliza nani anapika na nani anaamka usiku mtoto akilia unapima nusu ya jambo.

Je, kufanya kazi saa nyingi sana kunadhuru afya?

Ndiyo. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40, huongeza hatari ya kiharusi kwa takriban asilimia 35 na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Vifo vilivyohusishwa na saa hizo ndefu kwa mwaka 2016 vilikadiriwa kuwa 745,000.

Serikali zikipunguza saa za kazi, watu huridhika zaidi?

Saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani ziliwekwa na mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919. Mwaka 1930 mwanauchumi John Maynard Keynes alitabiri kwamba baada ya miaka 100 watu wangefanya kazi saa 15 kwa juma. Utajiri alioutabiri ulikuja katika nchi nyingi, saa hizo 15 hazikuja.

Korea Kusini ilipoanza mwaka 2004 kushusha juma la kazi kutoka saa 44 hadi 40, watafiti walipata nafasi adimu ya kulinganisha. Robert Rudolf, katika utafiti wa mwaka 2014, alikuta kwamba wafanyakazi walizifurahia saa zao mpya, lakini kuridhika kwao na maisha kwa ujumla hakukubadilika kwa kiasi cha kuonekana, huenda kwa sababu kazi ileile ilibanwa katika saa chache. Daniel Hamermesh na wenzake, mwaka 2017, waliyatazama mageuzi ya Korea na ya Japani wakapata jibu lenye matumaini zaidi. Jaribio la siku 4 za kazi nchini Uingereza mwaka 2022 lilihusisha kampuni 61 na wafanyakazi wapatao 2,900, na kampuni 56 ziliamua kuendelea nalo. Lakini kampuni hizo zilijitolea zenyewe, na zile zilizojua kwamba haziwezi hazikujiandikisha. Kwa maoni yetu, saa zikipunguzwa huku kiasi cha kazi kikibaki kilekile, mfanyakazi amepewa mapumziko kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine.

Mambo haya yanamhusu maskini, au ni anasa ya walioshiba?

Yanamhusu, ila kwa mpangilio tofauti. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichunguza nchini Kenya kaya maskini zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na kupewa fedha bila masharti. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba kuridhika na maisha na furaha viliongezeka, na msongo ukapungua. Kwa aliye chini, fedha kwanza. Na fedha hiyo mara nyingi hugeuka kuwa muda yenyewe: kinachopatikana karibu hakihitaji kufuatwa mbali, na mwenye akiba halazimiki kukubali kila kibarua cha usiku.

Ninaweza kujipima mwenyewe?

Unaweza, kwa njia ambayo Kahneman na wenzake waliitumia mwaka 2004 kwa wanawake 909 wenye kazi katika jimbo la Texas. Chukua karatasi, uigawe siku ya jana katika vipande kama matukio ya filamu: kuamka, safari, kikao, chakula, na kadhalika. Kwa kila kipande andika kilianza na kuisha saa ngapi, ulikuwa na nani, na ulijisikiaje kwa alama za 0 hadi 6. Kwa wanawake wale, safari ya asubuhi ya kwenda kazini ilikuwa miongoni mwa vipande vyenye alama za chini kabisa, na kukaa na watu baada ya kazi kulikuwa miongoni mwa vya juu. Fanya hivyo kwa siku ya kazi na kwa siku ya mapumziko, wala usichague siku nzuri. Kisha, kwenye karatasi nyingine na siku nyingine, jibu swali la ngazi ya Cantril. Ikiwa ngazi iko juu na siku ziko chini, tatizo lako huenda liko kwenye ratiba, na nyongeza ya mshahara haitaligusa sana. Ikiwa siku ni njema na ngazi iko chini, angalia kwanza kipato, deni na kazi yenyewe, kabla ya kuomba likizo nyingine.